Printa za lebo: maneno mnayotuuliza kila siku, na maana zake

Duka letu liko Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofani, mlango unaonukia karatasi mpya na risasi ya kuchomelea waya. Simu ya kwanza ya asubuhi huwa ile ile: "Fundi, printa ya stika ni pesa ngapi?" Nami nina tabia mbaya ya kujibu swali kwa swali: stika yenyewe itaishi wapi? Ndani ya friji, juani, au kwenye parseli itakayochanwa kesho? Maneno mengi yaliyo hapa chini hayaeleweki mpaka hilo lijibiwe. Nimeyapanga jinsi watu wanavyoyauliza dukani.

Mnasema printa ya thamo haina wino. Sasa inaandika na nini?

Na moto; thamo maana yake joto. Ndani kuna kichwa cha kuchapa, ubao mwembamba wenye mstari wa nukta ndogo sana za kupasha joto, zimepangwa bega kwa bega. Rola ya mpira inavuta karatasi chini ya mstari huo, na kila nukta inawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde moja. Ilipowaka panakuwa peusi, ilipozima panabaki peupe. Kichwa hakikimbii huku na huku kama cha ile printa ya wino ya cyber. Chenyewe kimetulia, karatasi ndiyo inayosafiri.

Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000 kwa kubuni saketi unganishi (chipu ya elektroniki), ni mmoja wa waliobuni uchapaji huu wa joto miaka ya 1960. Haikusaidii kununua roli ya stika, lakini mimi hufurahi kuikumbuka kila nikifungua mashine iliyojaa vumbi la unga.

Dairekti thamo na thamo transifa zinatofautiana vipi?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo vumilia kidogo.

Kwenye dairekti thamo, weusi umo ndani ya karatasi. Karatasi imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali ya kuiamsha. Vyote viwili vimelala pamoja bila kuchanganyika. Joto la kichwa likipita, vinayeyuka, vinakutana, na panapokutana panageuka peusi. Hakuna riboni, hakuna kitu cha kubadilisha ila roli. Ukitaka kujua kama stika uliyo nayo ni ya aina hii, ikwaruze kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Ikiacha mstari mweusi, ni dairekti.

Kwenye transifa, karatasi ni ya kawaida na weusi unatoka kwenye riboni, utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa wino mkavu. Kichwa kinapasha riboni, wino unayeyuka na kuhamia kwenye lebo. Ndiyo maana ya transifa: kuhamisha.

Ubaya wa dairekti ni kwamba karatasi haijui kwamba kazi ya kuchapa imekwisha. Joto lolote litakalokuja baadaye, nayo italipokea. Stika ya parseli iliyoshinda juu ya dashibodi ya matatu kutoka Nairobi hadi Kisumu inaweza kufika ikiwa ya kijivu. Mafuta yanaifuta, jua linaipausha. Ukiimwagia spiriti inageuka nyeusi, kwa sababu spiriti inayeyusha zile kemikali mbili na kuzikutanisha bila moto.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimchapia mama mmoja lebo za asali kwa dairekti, kwa kuwa ilikuwa rahisi na alikuwa na haraka. Chupa zikapangwa kwenye meza kando ya barabara, jua la Januari likizipiga usoni. Baada ya wiki kadhaa akaniletea chupa moja dukani, akaiweka mezani bila neno. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa kivuli, na bakodi imepauka kama leso iliyofuliwa miaka kumi. Nilizichapa zote upya kwa riboni, kwa gharama yangu.

Dairekti inafaa kwa kitu chenye maisha mafupi: parseli, nyama iliyopimwa leo, tiketi ya foleni, stika ya mgeni getini. Kitu kitakachokaa miezi kwenye rafu, juani au karibu na mafuta, tumia riboni.

Je, mashine moja inaweza kufanya zote mbili?

Ya transifa, ndiyo. Toa riboni, weka roli ya dairekti, kisha ubadilishe aina ya uchapaji kwenye dreva, ile programu ya kompyuta inayoongoza printa. Ya dairekti pekee haiwezi kutumia riboni, maana haina hata mahali pa kuiweka. Ukiwa na shaka ya biashara yako itaelekea wapi, nunua ya transifa.

Riboni ya nta, ya nta na rezini, ya rezini. Nichukue ipi?

Nta inayeyuka kwa joto dogo, bei yake ni nafuu, na inashika vizuri kwenye karatasi. Udhaifu wake ni kukwaruzika: lebo za maboksi yanayosuguana ndani ya lori zitafika na mikwaruzo. Mchanganyiko wa nta na rezini ni wa katikati, unafaa karatasi laini inayong'aa na baadhi ya plastiki. Rezini tupu, yaani wino wa aina ya plastiki ngumu, ni kwa lebo za plastiki zitakazokutana na maji, mafuta au kemikali, kama mtungi wa sabuni ya maji, chupa ya shampuu au kifaa cha maabara. Inahitaji joto kubwa zaidi na mashine iende polepole.

Kosa tunaloliona sana ni kuoanisha vibaya. Mtu ananunua lebo ya plastiki nzuri, kisha anaweka riboni ya nta kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye mashine. Inatoka nzuri, akiipangusa kwa kidole maandishi yanaondoka kama masizi. Mashine haina kosa. Kabla ya kuchapa elfu tano, chapa moja, iache ipoe, bandika selotepu juu ya maandishi uivute. Wino ukibaki kwenye selotepu, ndoa hiyo haifai.

Na riboni iwe pana kuliko lebo kidogo, milimita chache kila upande. Ikiwa nyembamba, kingo za lebo zinasugua kichwa uchi, nacho kinalika.

Nimeweka riboni lakini lebo inatoka nyeupe. Kwa nini?

Pengine umenunua yenye wino upande usiofaa. Kuna riboni zilizoviringwa wino ukiwa nje na nyingine wino ukiwa ndani, na mashine nyingi hukubali aina moja tu. Wino lazima uitazame lebo, si kichwa. Jaribu hivi: bandika selotepu upande wa nje wa riboni na uivute. Ikitoka na weusi, wino uko nje. Angalia pia urefu na bomba la katikati. Riboni ndogo ya mezani ya mita 74 ina bomba jembamba la nusu inchi. Ile ya mita 300 ina bomba la inchi moja, na haitaingia kwenye mashine ya 74 hata ukiibembeleza.

DPI ni nini? 203 inatosha au ninunue 300?

DPI ni idadi ya nukta za moto katika inchi moja ya kichwa. 203 ni sawa na nukta 8 kwa milimita, yaani kila nukta ina upana wa milimita 0.125. 300 ni karibu nukta 12 kwa milimita. Kuna 600 pia, kwa lebo ndogo kama za vipuri vya umeme.

Wauzaji husema 203 inatosha kwa kila kitu. Kwa stika ya parseli yenye maandishi makubwa, kweli. Lakini chukua karatasi na kalamu tuhesabu bakodi ya bidhaa za dukani, ile ya tarakimu 13 iitwayo EAN-13. Mstari wake mwembamba kabisa una kipimo cha kawaida cha milimita 0.33, na unaruhusiwa kushuka hadi asilimia 80, yaani 0.264. Bakodi nzima, pamoja na nafasi nyeupe za kushoto na kulia, ina upana wa mistari 113 ya namna hiyo.

Printa ya 203 haiwezi kuchapa nusu ya nukta. Mstari wako utakuwa nukta 2, yaani 0.25, ambayo iko chini ya kiwango, au nukta 3, yaani 0.375. Zidisha 0.375 kwa 113 upate milimita 42.4. Sasa tazama stika yako: ni 40 kwa 30, saizi inayouzwa kuliko zote hapa mjini. Haiingii! Ukilazimisha programu ibane bakodi ili itoshee, mistari mingine inatoka nukta 2 na mingine 3, na skana ya supamaketi inaanza kubagua. Printa ya 300 inachapa nukta 4, ambazo ni kama 0.339, na bakodi nzima inachukua milimita 38 na kidogo. Imeingia, ingawa kwa kujibana. Kwa hiyo anayepeleka achari au mtindi supamaketi kwa stika ya 40, namshauri 300 bila kupepesa macho, au apanue stika ifike 50.

Zile nafasi nyeupe pembeni mwa bakodi, siwezi kuandika bei hapo?

Hapana, mama. Skana inazitumia kujua bakodi inaanzia na kuishia wapi. Ukiweka bei, ua, au fremu ya urembo hapo, keshia ataandika nambari zote 13 kwa mkono huku foleni ikimtazama. Nawe ndiwe utakayepigiwa simu.

Bakodi inayoanza na 616 maana yake bidhaa ni ya Kenya?

Maana yake kampuni imepata nambari zake kupitia GS1 Kenya, shirika linalotoa nambari za bakodi. Bidhaa yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa kwingine. Usibuni nambari nyumbani ukaanza na 616 kwa uzalendo, maana inaweza kuwa tayari ni ya mtu, na supamaketi itaigundua siku ya kusajili bidhaa. Nambari zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Ndiyo maana stika inayotoka kwenye mizani ya nyama au ya nyanya huanza na 2: ndani yake mna nambari ya bidhaa, na bei au uzito wa ile iliyopimwa. Duka la pili halitaielewa, wala halitakiwi kuielewa.

Roli inaandikwa "40 kwa 30, bomba 25, pande 1000". Nisomeje?

Upana wa stika milimita 40, urefu wa kila stika milimita 30 kwa jinsi inavyotoka, tundu la katikati milimita 25, na stika 1000 kwenye roli. Watu hugeuza upana na urefu, na mashine inachapa maandishi yamekatwa katikati. Kumbuka upana huanza, nao ni kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia wa stika unapotazama roli ikitoka.

Bomba lina maana kubwa. Mashine ya mezani hutumia la milimita 25 au 40, na roli isiyozidi kipenyo cha milimita 127 hivi. Mashine kubwa za viwandani, zile za Industrial Area, hutumia bomba la 76 na roli nono. Roli nono haiingii kwenye mashine ya mezani. Tumewahi kumkuta mtu ameitundika kwa fimbo ya ufagio nyuma ya printa. Inafanya kazi, siwezi kukataa, ila rola inavuta kwa shida na maandishi yanatelemka polepole kutoka stika moja hadi nyingine.

Mashine inaruka stika, au inatoa tatu tupu kila nikichapa moja. Imeharibika?

Mara nyingi la. Imepoteza mahali stika inapoanzia.

Kuna njia tatu za kuijulisha. Ya kwanza ni mwanya: stika zimekatwa, na kati yake pana milimita 2 au 3 za karatasi ya mgongo (ile inayobeba stika) tupu. Sensa, jicho la mashine, inamulika mwanga kupita karatasi. Penye mwanya mwanga unapita zaidi, nayo inajua hapa pameisha stika. Ya pili ni alama nyeusi iliyochapwa mgongoni, ambayo sensa huisoma kwa mwanga unaorudi. Hutumika kwenye tagi za nguo na tiketi zisizo na mwanya. Ya tatu ni karatasi endelevu, isiyo na mwanya wala alama, kama ya risiti, ambapo urefu unauamua wewe.

Ukibadilisha roli, hasa ya muuzaji mwingine, mgongo wake unaweza kuwa mnene au wa rangi tofauti, na sensa inachanganyikiwa. Dawa yake ni kalibresheni: unaambia mashine ipitishe stika kadhaa na ijifunze upya. Kwenye mashine nyingi ni kubonyeza kitufe cha kulisha karatasi na kukishikilia mpaka taa ipepese, kisha kuachia. Pepeso ngapi, tazama kijitabu chako, kwa kuwa kila aina ina yake. Na uhakikishe dreva haijachagua alama nyeusi wakati roli yako ni ya mwanya. Wiki iliyopita kijana alikuja na printa mgongoni mwa bodaboda kutoka Kayole kwa sababu hiyo tu. Nilibonyeza, ikatii. Sikumlipisha, lakini nauli alikuwa ameshalipa.

"Weusi" na "spidi" kwenye dreva, niziweke wapi?

Weusi ni kiasi cha moto. Wengi huupandisha hadi mwisho wakidhani ndio ubora. Moto ukizidi, mistari ya bakodi inavimba na kugusana, riboni inakatika au kujikunja, na kichwa kinazeeka kabla ya siku zake. Anza katikati, shuka mpaka maandishi yapauke, kisha rudi hatua moja au mbili juu. Spidi inakwenda sambamba na moto: ukikimbia, kila nukta inapata muda mfupi wa kupasha, hivyo unahitaji moto zaidi.

Bakodi iliyolala kama ngazi, mistari yake ikivuka njia ya karatasi, huharibika upesi zaidi kwa spidi kubwa, maana nukta haiwahi kupoa kabla ya nafasi nyeupe kufika. Ikisimama kama ua wa miti, mistari ikifuata njia ya karatasi, inavumilia. Ukiweza kuizungusha stika kwenye mchoro, izungushe.

Risiti za mashine yangu zinatoka nyeupe pe. Na za zamani zimefutika. Nifanyeje?

Kwa zinazotoka nyeupe, fungua, geuza roli. Ina upande mmoja tu wenye dawa. Jaribio la ukucha litakuonyesha upi.

Kuhusu kufutika, risiti ni dairekti thamo, na yote niliyosema kuhusu asali yanaihusu. Mkono wenye mafuta ya chipsi, mfuko wa faili wa plastiki laini, droo iliyo karibu na jiko, vyote vinaila. Lakini Sheria ya Taratibu za Ushuru ya Kenya ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe miaka 5. Risiti ya thamo iliyotunzwa ovyo haikai miaka 5. Ipige picha siku ile ile, au utoe kopi kwenye karatasi ya kawaida. Risiti ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato Kenya wa risiti za kodi, ina msimbo wa QR, ambao nao hausomeki ukishapauka.

Ni kweli karatasi za risiti zina kemikali mbaya?

Nyingi zilitumia BPA (bisfenoli A) kama ile kemikali ya kuamsha rangi. Umoja wa Ulaya uliiwekea mpaka kuanzia Januari 2020: isifike asilimia 0.02 ya uzito wa karatasi. Ukinunua roli, uliza isiyo na BPA. Zipo.

Stika zangu zinabanduka kwenye chupa za friji.

Printa haihusiki hapo, ni gundi. Gundi ina joto la chini kabisa la kubandikia na joto la kukaa baada ya kushika, nazo ni tofauti. Stika nyingi zitavumilia friji kama zilibandikwa chupa ikiwa kavu na yenye joto la kawaida. Ukizibandika kwenye chupa iliyotoka friji ikitokwa jasho, unabandika kwenye maji. Kama huwezi kubadilisha utaratibu, agiza roli ya gundi ya friza.

Printa inatoa maandishi ya ajabu yanayoanza ^XA. Ni virusi?

Si virusi, ni lugha. Printa za lebo huamrishwa kwa lugha zao: ZPL ya kampuni ya Zebra huanza kwa ^XA na kumaliza kwa ^XZ, kampuni ya TSC ina TSPL, na printa za risiti nyingi hufuata ESC/POS iliyotoka kampuni ya Epson. Programu yako inaongea ZPL na mashine haiifahamu, kwa hiyo inachapa maneno yenyewe badala ya kuyatii. Weka dreva inayolingana na mashine, au ingia kwenye mipangilio yake ubadilishe lugha kama inazo mbili.

Kuna mstari mweupe mwembamba unaopita kila stika, mahali pale pale.

Ama uchafu ama nukta iliyokufa. Zima mashine, iache ipoe, chukua pamba na spiriti safi ya isopropili, pangusa mstari wa kichwa kuelekea upande mmoja. Usitumie sanitaiza ya mikono, ina mafuta ya kulainisha ngozi. Wala usitumie wembe, kisu au ufunguo kukwangua gundi. Nimeona kichwa kipya kikifa kwa kisu cha mkate. Mstari ukibaki baada ya kusafisha, nukta imekufa na kichwa ni cha kubadilishwa. Ikiwa ni mikunjo ya mshazari badala ya mstari ulionyooka, hiyo ni riboni iliyokaa vibaya, wala si kichwa.

Maisha ya kichwa huhesabiwa kwa kilomita za karatasi. Kikiandikiwa kilomita 30, na roli yako ina stika 1000 za urefu wa milimita 50 na mwanya wa 3, kila roli ni mita 53. Unapata roli kama 560. Wanaosafisha kila wanapobadilisha riboni hufika huko. Wengine huja kwetu mapema.

Nikija dukani nibebe nini?

Stika moja unayotumia sasa ikiwa bado kwenye karatasi yake ya mgongo, kipande cha riboni kama unayo, picha ya kibandiko cha modeli kilicho chini ya printa, na chupa au boksi lenyewe tutakalobandika. Mashine iache nyumbani kwanza.